Kofia nyekundu ya dola moja: matroni wa bweni asoma The Catcher in the Rye

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta. Meza ya vitabu vya mitumba, Posta, Dar es Salaam, Desemba iliyopita. Muuzaji alitaka elfu nane. Nikamwonyesha elfu tano, akanung'unika kidogo kulinda heshima yake, akaipokea. Kitabu ni The Catcher in the Rye cha J. D. Salinger, lile toleo la jalada jeupe lenye mistari ya rangirangi kwenye kona. Kurasa 214, sura 26. Karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, ila gundi bado imeshika na hakuna ukurasa uliochomoka. Aliyekuwa nacho kabla yangu alipigia mistari sura tano za mwanzo kwa kalamu ya bluu, kisha akaacha. Labda alichoka, labda mtihani uliisha. Kama bidhaa, kwa pesa hiyo, sina lalamiko.

Sikukinunua kwa sababu ya kupenda fasihi. Mimi ni matroni. Mwaka wa kumi na nne huu nalala kwenye chumba cha mwisho cha bweni la wasichana, kwenye shule moja ya Nyanda za Juu Kusini ambako mwezi wa Juni na Julai ndoo ya maji inakuuma vidole. Madamu wetu wa Kiingereza ndiye aliyenitia hamu. Tulikuwa tunapepeta maharage ya karani mmoja aliyefiwa, akaniambia, "Matroni, kuna mtoto kwenye kitabu fulani, wewe ungemfukuza wiki ya kwanza." Nikamwambia mimi sifukuzi, mimi naandika tu ripoti. Akacheka. Sasa nilipoliona jina lile mezani pale Posta nikasema ngoja nimjue huyo wa kufukuzwa wiki ya kwanza.

Anaitwa Holden Caulfield. Ana miaka 16, mrefu kama mlingoti, na upande wa kulia wa kichwa ana mvi tele. Wakati hadithi inaanza ameshafukuzwa Pencey, shule ya bweni ya wavulana huko Pennsylvania, Marekani. Masomo matano, kafeli manne, Kiingereza peke yake ndicho alichopita. Na si shule ya kwanza kumshinda. Shule inafunga Jumatano kwa ajili ya Krismasi, wazazi bado hawajajua, yeye Jumamosi usiku anabeba mabegi anatoka. Anapanda treni kwenda New York, mji wa kwao, lakini haendi nyumbani. Anapanga hoteli. Mpaka Jumatatu anazunguka tu: baa, teksi, bustani, kituo cha treni, bustani tena. Anayetusimulia ni yeye mwenyewe, baadaye, akiwa California mahali alikopelekwa apumzike, na kuna daktari wa akili anayezungumza naye.

Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Ukipenda riwaya yenye mzigo unaosafirishwa na risasi zinazolia, pitia meza ya pili. Watu wanakilalamikia kitabu hiki kwamba hakitokei kitu. Mimi kila usiku saa nne napita na tochi kuhesabu vichwa, nikaona mambo yanatokea kila ukurasa. Ni kama kumfuata mwanafunzi mmoja nyuma kwa siku tatu, yeye asijue upo, ukaona anavyojishikilia ili asianguke.

Tuanze na kofia. Holden ana kofia nyekundu ya wawindaji yenye ukingo mrefu mbele, kainunua New York kwa dola moja. Aliinunua asubuhi ileile aliyosahau vifaa vya timu ya shule kwenye treni ya chini ya ardhi, mashindano yakavunjika, na wenzake wakamsusa njia nzima kurudi shuleni. Mwandishi hasemi kwamba mtoto alinunua kofia kwa sababu ya aibu. Anakuwekea mambo hayo mawili karibu karibu, anaendelea na mengine. Kofia yenyewe anaivaa kinyume, ukingo nyuma. Akipigana na mwenzake wa chumbani akatoka damu puani, anaitafuta kofia yake chini ya kitanda, anaivaa, ndipo anajitazama kwenye kioo. Akitoka shule usiku ule, anaivaa. Akiwa mbele ya watu wa maana hotelini, anaivua, hataki aonekane kichaa.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Kwenye stoo yangu kuna boksi la vitu nilivyonyang'anya. Simu, chaja, redio ndogo moja, na mizula. Mizula ni mingi kuliko simu. Sare yetu ni sweta la kijani na soksi nyeupe, mzula haumo, kwa hiyo nikimkuta mtoto kavaa mzula prepo nauchukua. Kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja niliyemwuliza kwa nini anauvaa. Nilidhani jibu ni baridi. Kwa wengi ni baridi kweli, tusidanganyane. Lakini nilikwenda nikalifungua boksi, nikaihesabu: kumi na mmoja. Mmoja umeshonwa jina ndani kwa uzi wa pinki, na mwenye jina hilo alishamaliza Kidato cha Nne, yuko sijui wapi.

Jambo la pili ni simu. Kwangu hapa ndipo penye kitabu chenyewe. Holden akishuka kwenye treni New York, kitu cha kwanza anaingia kwenye kibanda cha simu. Anawaza ampigie nani. Kaka yake yuko Hollywood, mbali. Mdogo wake Phoebe amelala, na simu watapokea wazazi. Mama wa msichana anayempenda? Hapana. Msichana mwingine? Mama yake hamtaki. Anakaa kibandani dakika 20 hivi, anatoka, hajampigia mtu. Jambo hili linajirudia kitabu kizima kwa sura tofauti. Huyo msichana anayempenda kweli, Jane, anamuwaza kila baada ya kurasa chache, na kila mara anasema hayuko kwenye hali ya kumpigia. Siku anapopiga, anapokea mama mtu, anakata. Na wale asiowapenda anawapigia! Anamwita jamaa wa shule ya zamani wanywe pamoja, anamkera mpaka anaondoka. Anamtoa out msichana mrembo asiyemheshimu, katikati ya mazungumzo anamwomba watoroke wakaishi msituni, msichana anakataa kwa akili zake timamu, yeye anamtukana.

Wanaosoma juujuu husema kijana huyu ni mpweke. Mimi nasema ana watu, ila kila mlango anaubisha kwa namna ya kuhakikisha haufunguliwi. Watoto wa hivyo nawajua. Anakuja mlangoni kwangu saa tano usiku, "Shikamoo Matroni, naomba panadoli." Nampa. Anabaki amesimama. "Kuna kingine?" "Hapana, Mama." Anaondoka. Kesho yake panadoli tena.

Sasa bata. Bustani ya Central Park, upande wa kusini, kuna bwawa dogo, na wakati wa baridi linaganda barafu. Holden anataka kujua bata wa pale huenda wapi. Je, kuna mtu anakuja na lori kuwachukua, au wanaruka wenyewe? Swali hili linamjia akiwa anagombezwa na mwalimu mzee wa historia kwa kufeli. Anamwuliza dereva wa teksi wa kwanza, dereva anadhani anadhihakiwa. Anamwuliza wa pili, anayeitwa Horwitz, na huyo anakuja juu, anamwambia habari za samaki, kwamba samaki ndio wenye shida maana wamo humohumo ndani ya barafu. Ni ukurasa wa kuchekesha, nilicheka peke yangu kitandani. Halafu kicheko kikanikauka.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na binti wa Kidato cha Pili, mkimya, daftari safi. Shule ina mbwa, Tomi, anashinda na mlinzi getini. Binti huyu ikikaribia likizo alikuwa na swali moja: "Mama, tukifunga shule Tomi anakula nini?" Aliniuliza muhula wa kwanza. Aliniuliza muhula wa pili. Mara ya tatu nilikuwa na orodha ya magodoro mkononi na fundi bomba ananisubiri, nikamjibu, "Wewe kula chakula chako, ya Tomi yaache." Wenzake wakacheka. Hakuuliza tena. Mwaka uliofuata ndipo mwalimu wa malezi alipokuja kufahamu kwamba nyumba yao ilikuwa imevunjika tangu mwanzo wa mwaka ule, baba kaoa, mama kahamia mji mwingine kwa ndugu, na kila likizo mtoto alikuwa hajui anashukia stendi gani. Aliyekuwa hajui atakula wapi ni yeye. Alichukuliwa na shangazi yake baadaye, akamaliza shule, na matokeo yake yalikuwa mazuri tu.

Kwa hiyo Horwitz ni mimi. Kitabu cha mwaka 1951, mji ambao sijawahi kuutia mguu, na dereva wa teksi anayefoka kuhusu samaki ni mimi na orodha yangu ya magodoro.

Chini ya yote hayo kuna msiba. Holden alikuwa na mdogo wake, Allie, aliyekufa kwa saratani ya damu mwezi wa Julai 1946. Usiku ule Holden, miaka 13, alilala gereji akavunja madirisha yote kwa ngumi, mkono ukaumia vibaya, hata mazishini hakuwepo maana alikuwa hospitali. Kilichobaki ni glavu ya besiboli ya Allie, aliyoiandika mashairi kwa wino wa kijani, ili awe na cha kusoma akiwa uwanjani mpira haujamfikia. Holden anahama nayo shule hadi shule, imo kwenye begi. Mwenzake anamwomba amwandikie insha ya darasani, ielezee chumba au nyumba, yeye anaielezea glavu. Mwenzake anakasirika kwamba si alichoagizwa. Holden anaichana. Walimu wenzangu, niambieni, ni insha ngapi tumeziandikia "nje ya mada" kwa wino mwekundu?

Na anaongea na Allie. Kwa sauti. Hotelini akizidiwa unyonge anamwambia marehemu akachukue baiskeli yake wakutane, kwa sababu kuna siku alimkatalia asifuatane naye. Mwishoni akitembea barabarani, kila akifika mwisho wa mtaa anahisi atazama asionekane tena, anamwomba Allie asimwache apotee, akivuka salama anamshukuru. Kuna watakaosema huo ni ugonjwa. Daktari yumo kitabuni, anaitwa kwa zamu yake. Lakini bibi yangu mzaa mama alimwaga maji kidogo kila asubuhi akiwataja waliotangulia kabla hajaanza kazi, na hakuna aliyemwita mgonjwa. Huyu mtoto hakupewa namna yoyote ya kulia, akajitengenezea yake.

Njia zake nyingine nazipitia haraka kwa sababu ni zilezile za vijana popote. Anavuta sigara mfululizo. Anaagiza pombe, hapa wanamnyima kwa umri, pale wanampa, analewa mpaka anamwagia kichwa maji bafuni na kutoka nje na nywele mbichi kwenye baridi ya kuganda. Anadanganya bila faida, kwenye treni anamdanganya mama wa mwanafunzi mwenzake kwamba mwanawe ni kijana wa kupendwa na wote, na kwamba yeye mwenyewe anakwenda kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kichwani. Anajifanya kapigwa risasi tumboni kama kwenye sinema. Anaita wengine wote feki. Neno hilo kaliandika mpaka linachosha, na mhariri angeniuliza mimi ningelipunguza nusu. Fedha zake anazigawa hovyo, ingawa palipo na masista wawili wanakula mkate mkavu na kahawa, anawapa dola 10 na baadaye anajuta hakutoa zaidi. Hapo nilimpenda.

Kuna sura moja nataka wazazi waisome wakiwa wamekaa. Usiku wa Jumapili Holden anakwenda kwa mwalimu wake wa zamani, Bwana Antolini. Ndiye mwalimu mwema kuliko wote kitabuni. Kwenye shule moja mwanafunzi aitwaye James Castle aliporuka dirishani akafa, akiwa amevaa sweta aliloazima kwa Holden, huyu Antolini ndiye aliyemfunika kwa koti lake na kumbeba, bila kujali damu. Anamkaribisha Holden, anamshauri vizuri, anamtandikia kochi. Usiku Holden anashtuka, mwalimu kakaa sakafuni gizani anampapasa kichwa. Anavaa viatu, anakimbia, analala kwenye benchi stesheni. Baadaye anajiuliza kama alimwonea mzee wa watu. Madamu anasema mwandishi kaiacha wazi makusudi, na mabishano juu yake hayajaisha. Sawa, fasihi ni yao. Mimi kwa kazi yangu sina cha kubishana: mtu mzima hampapasi mtoto wa watu aliyelala, awe kalewa, awe kahuzunika, awe mwema kama malaika. Na kilichoninyima usingizi si hicho. Ni sentensi inayofuata, ambapo Holden anasema kwa kupitia kwamba mambo ya namna hiyo yamemtokea kama mara 20 tangu utoto. Halafu anabadilisha habari. Mara 20! Ukisoma kwa haraka unaipita. Watoto ndivyo wanavyoyasema, katikati ya maneno mengine, na wanakutazama kuona kama umesikia.

Anayesikia ni Phoebe, mdogo wake wa miaka kumi. Holden anajipenyeza nyumbani usiku kumwona. Amemnunulia santuri, imeshamvunjikia bustanini alipokuwa kalewa, kabeba vipande mfukoni. Phoebe anavipokea, anavitia kwenye droo yake. Halafu anamwuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyemwuliza kitabu kizima: taja kitu kimoja unachokipenda. Moja tu. Holden anahangaika, akili inakimbilia kwa masista, kwa James Castle, mwisho anasema Allie. Phoebe anamkumbusha Allie amekufa. Hapo ndipo jina la kitabu linapotokea. Holden anajiona yuko kwenye shamba kubwa la nafaka, watoto maelfu wanacheza, ukingoni kuna genge, na kazi yake ni kuwadaka wanaotaka kudondoka. Phoebe anampa pesa zake za Krismasi, dola 8 na senti 65, ndipo Holden analia. Kilio chenyewe kinamtisha mtoto, na hakikatiki upesi. Kurasa 180 hivi za kutolia, kisha sarafu za mtoto.

Lawama zangu ninazo. Kiingereza chake ni cha mtaani cha New York ya miaka ya arobaini, ukiwa umezoea Kiingereza cha Nekta utakwama, mimi nilikuwa na kamusi ya simu mkononi. Matusi yapo, si makali kwa siku hizi, ila yapo. Kuna sura ya kahaba hotelini na mpambe wake anayekuja kumpiga Holden na kuchukua dola tano zaidi. Ni kwa sababu za namna hii shule nyingi za Marekani zimekuwa zikigombana juu ya kukiweka darasani. Na kuna jambo linanikera kama mtu wa bweni la kata: kijana ana bibi anayemtumia pesa za siku ya kuzaliwa mara nne kwa mwaka kwa kusahau. Anapotoka shule anauza taipureta yake dola 20, na wala hajaishiwa. Sisi mtoto akifukuzwa, kuna mama aliyeuza mahindi ya mwaka kwa ile ada. Holden anajua anamuumiza mama yake, anamfikiria akizunguka madukani kumnunulia viatu vya kutelezea barafu na bado akakosea aina, na moyo unamuuma. Lakini hajawahi kuwa na njaa ya kumfanya abaki.

Ndiyo maana nikimweka kando ya Rosa wetu naona tofauti. Rosa Mistika cha Kezilahabi, cha mwaka 1971, wengi mmekisoma, na wenye umri wangu mnakumbuka kiliwahi kuzuiwa mashuleni kabla ya kuja kusomwa mashuleni. Binti wa Namagondo, Ukerewe, anapigwa na baba yake Zakaria kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa hana kibanda cha simu, hana hoteli, hana pesa za bibi. Hata kinywa kaminywa. Siku anapopata uhuru mbali na nyumbani hajui aushike vipi, na unamuua. Holden anaongea kurasa 214 na ndiyo inayomwokoa, kama kaokoka. Rosa alihitaji hata kurasa kumi za namna hiyo. Kama una kijana nyumbani, visome vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Si lazima umpe yeye. Visome wewe.

Mwandishi naye neno moja. Salinger alikuwa askari, alishuka pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944, na mwaka 1945 vita vilipokwisha alilazwa Ujerumani kwa kuchoka akili kutokana na aliyoyaona. Habari za Holden alikuwa ameshaanza kuziandika wakati huo. Baada ya kitabu hiki kumpa jina alijificha kwenye kijiji cha Cornish, New Hampshire, akaacha kuchapisha kabisa tangu 1965 mpaka kufa kwake 2010. Nilipoyajua haya sikushangaa kwamba risasi katika kitabu kizima ni ya kujifanya tu, tumboni mwa mtoto, na vita vinatajwa kwa kupita tu.

Mwisho wa hadithi siusemi wote. Kuna farasi wa mbao wanaozunguka, kuna mvua, Phoebe anamrudishia kaka yake ile kofia kichwani kwa mkono wake. Kisha daktari anamwuliza kama Septemba akirudi shule atajitahidi. Nilicheka tena, kwa sababu ndilo swali la kwanza kwenye fomu yetu ya wanaorudi kutoka kusimamishwa.

Nyota nne kati ya tano. Nimekata moja kwa ajili ya neno feki na kwa ajili ya wasichana, ambao ukimtoa Phoebe hawapewi nafasi ya kuwa watu. Kwa Kidato cha Tano na cha Sita kinafaa, chini ya hapo asome na mtu mzima karibu. Bei ya haki kwa mitumba ni elfu tano, msitoe nane. Nakala yangu kwa sasa iko kwa madamu, na karani wa maharage kaweka jina foleni.

Shule ilipofungua Januari, nilikwenda getini jioni moja, nikamsabahi mlinzi, nikamwuliza likizo Tomi anakula nini. Mzee akanitazama kama nina homa. Akasema humpikia ugali wa dona na vichwa vya dagaa, na sikukuu anapokwenda kwao humfunga kamba nyuma ya baiskeli wakaenda wote, kilomita sita, Tomi anapenda mteremko wa kanisani. Akasema kuna binti mmoja zamani alikuwa akimwachia ukoko wa wali kwenye mfuko wa nailoni, kila Jumapili ya mwisho kabla ya kufunga.